Ngiri na Muhogo Mmoja

Paukwa!

Pakawa!

Mbona waliokaa nyuma siwasikii? Paukwa!

Pakawaaa!

Haya. Hapo kale, kale sana, wanyama walipokuwa wakisemezana kama mimi nanyi, Ngiri alichimba shimo lake ukingoni mwa mto. Aliishi humo na mkewe na watoto wao saba. Jirani yao alikuwa Bi Kanga, mjuzi wa mawingu.

Mwaka mmoja Bi Kanga akatazama milimani, akaona mawingu meusi yamerundikana. Akajua mto utafurika. Yeye ana mabawa, hakuogopa. Aliwahurumia wale watoto saba.

Akaenda mbio, akapiga kelele: "Mafuriko! Mafuriko! Mtakufa nyote!"

Ngiri akashtuka. Na ngiri akishtuka hufanya nini? Huingia shimoni kinyumenyume! Akaingia, akakaa humo siku tatu akitetemeka.

Bi Kanga akaja mara ya pili. Akawakalisha chini, akaeleza mambo kumi na mawili kuhusu mvua na mito. Alipofika la tatu, Ngiri alikuwa anakoroma. La kumi na mbili lilisikiwa na nzi tu.

Akaja mara ya tatu, safari hii kwa upole.

"Bwana Ngiri, kila jioni nakuona unapanda kilimani. Unafuata nini?"

"Najikuna makalio, Bi Kanga. Lile jiwe la kule juu, we acha tu!"

"Basi leo ukienda kujikuna, beba muhogo mmoja, uuache pale."

"Mmoja tu?"

"Mmoja tu. Utauweza?"

"Mimi? Nishindwe na muhogo?"

Akabeba. Kesho yake akabeba tena. Siku ya tatu watoto nao wakataka, wakapanda mbio, mikia juu, kila mmoja na muhogo mdomoni.

Nungunungu akauliza, "Jamani, mnakwenda wapi?"

Ngiri akatunisha kifua. "Sisi watu wa kilimani ndivyo tulivyo."

Nungunungu hakutaka kuachwa, akabeba wake. Kobe naye akabeba, ila yeye alianza safari asubuhi ili afike jioni.

Mchana mmoja mto ukanguruma.

"Kimbilieni jiweni!" akapiga kelele Mama Ngiri. Watoto hawakuuliza jiwe lipi. Mikia juu, hao!

Lakini Ngiri alishtuka, akaanza kuingia shimoni kinyumenyume.

"Mke wangu, shimo limelowa!"

"Huo ni mto, baba watoto! Panda!"

Akapanda huku analia. Njiani akamkuta Kobe, akamtupa mgongoni mwake, wakapanda wote, wakamkuta Nungunungu amekwisha fika.

Kule juu Ngiri akahesabu watoto. Mmoja, wawili, watatu, mpaka saba. Akakaa chini kwa kishindo. Chini kule shimo lilikuwa limezama kabisa.

Wakala mihogo siku nne, mpaka maji yakapungua. Ngiri, mdomo umejaa, akasema, "Si niliwaambia? Mimi yale mawingu niliyaona mapema!"

Bi Kanga akafungua mdomo amjibu. Akawatazama wale watoto saba wakigombea ganda la muhogo. Akaufunga, akaomba kipande chake.

Basi wenzangu, hadithi hii inatufundisha kwamba ukitaka mtu ajiandae na balaa, usimtishe tu, wala usimchoshe kwa maneno. Mpe jambo dogo analoliweza, alianze leo.

Hadithi yangu nimeitua hapa. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chapwa, nirudishieni niitie chumvi.