Hodi Arobaini za Ukinduni

Paukwa!

Pakawa!

Mpo wangapi?

Tupo sote!

Na waliohama?

Wahesabu nao!

Haya, sogeeni. Na wewe wa nyuma acha kutafuna, hadithi haisikiki.

Palikuwa na mji mdogo ukiitwa Ukinduni. Mdogo kweli: mgeni akianza kupiga chafya wakati wa kuingia, alimalizia nje. Ulikaa juu ya mwamba mrefu. Upande wa mawio ulikuwa Mtaa wa Juu, nyumba ishirini. Upande wa machweo ulikuwa Mtaa wa Chini, nyumba ishirini. Bondeni, kwenye mikindu, ilitoka chemchemi ambayo haikukauka hata kiangazi kikali. Nyumba zenyewe zilikuwa mapango madogo yaliyopakana, na kila nyumba ilikuwa na tundu nyuma la kumfikia jirani. Waliliita tundu la chumvi. Ukiishiwa chumvi hukuzunguka njiani watu wakakutazama. Ulipitisha mkono nyuma, ukasema, "Jirani, nisitiri," ukatiliwa kiganjani.

Ah, Ukinduni ile! Asubuhi ungesikia Mzee Buku, yule panya mkubwa, akikohoa koho-koho mpaka mwamba ukatikisika. Ungemsikia Mama Kicheche akigombeza wanawe saba kwa pumzi moja. Ungesikia harufu ya uji kutoka milango arobaini, na usijue uanze kwa nani.

Kisha zikaja habari kwamba kule Mto Mkubwa majani ni laini na kazi ni tele. Watu wakaanza kuhama. Akaondoka Mjusi, akaondoka Mama Kicheche na wanawe, akaondoka Mzee Buku na kikohozi chake. Kila aliyeondoka alisema, "Masika yakiisha narudi." Masika yakaisha, yakaja mengine.

Wakabaki saba. Alikuwepo Mzee Kobe, alikuwepo Nungunungu, walikuwepo Kanga wanne wasioisha kubishana. Na alikuwepo Bi Sikudhani, pimbi, mfupi wa kimo na mrefu wa maneno.

Bi Sikudhani hakukizoea kimya kile. Kila jioni alifagia vizingiti vya nyumba zote tupu. Akifika mlangoni alisema, "Hodi, Mzee Buku!" Na kwa kuwa hakuna wa kujibu, alijijibu mwenyewe kwa sauti ya Mzee Buku, "Koho-koho! Karibu!" Akafagia, akaenda mlango wa pili. Kanga walisema amechanganyikiwa. Hakuwa amechanganyikiwa. Aliwakumbuka mno, basi.

Siku moja ardhi ikatetema: puu! puu! puu! Alikuwa Bwana Kiboko, ametoka Mto Mkubwa, tumbo limetangulia.

"Nimesikia hapa hakuna watu," akanguruma. "Na sheria ya Baraza la Mbuga mnaijua. Pasipojibu hodi nyumba thelathini, si mji, ni pori. Na pori ni la mwenye nguvu. Chemchemi hii nataka nioge peke yangu."

"Una mto mzima, Bwana Kiboko!" akasema Mzee Kobe.

"Mtoni tunabanana. Kesho nakuja na karani."

Akaondoka. Mzee Kobe akavuta pumzi ndefu. "Tufungashe tu, jamani."

"Tufungashe?" Bi Sikudhani akapandisha sauti. "Halafu Mama Kicheche akirudi akute kiboko kajilaza mlangoni kwake? Mzee Kobe, wewe jibu hodi ya kwako. Nungunungu, ya kwako. Nyinyi Kanga, acheni ubishi, jibuni zenu. Thelathini na nne zilizobaki niachieni mimi."

Kesho yake Kiboko akaja, na nyuma yake Karani Nguchiro, kofia kichwani, kapu la kokoto mkononi. Nguchiro huyu alizaliwa hapohapo Ukinduni, akahama angali mdogo kwenda kusomea ukarani. Bi Sikudhani alipomwona aliingiwa na hofu. Mwenyeji ndiye angetambua sauti bandia upesi kuliko wote.

"Aliyejibu yupo," Karani akatangaza. "Asiyejibu baada ya hodi tatu hayupo. Humo ndani hatuingii."

"Nani anaingia?" akasema Kiboko, aliyekuwa amekwama kiunoni kwenye njia nyembamba, pale mitaa miwili inapokutana.

Wakaanza Mtaa wa Juu.

"Hodi!"

"Koho-koho! Karibu, nimelala na kifua changu!"

Kokoto kapuni: ko!

Bi Sikudhani huyoo, chaka-chaka-chaka, akapenya tundu la chumvi.

"Hodi!"

"Karibu! Nyamaza wewe! Na wewe shuka huko! Karibu, mgeni, utanisamehe na hawa watoto!"

Ko!

Chaka-chaka-chaka, akapenya tundu la chumvi.

"Hodi!"

"Karibu! Ngojeni kidogo, uji unafurika!"

Ko!

Akapenya, akajibu, akapenya, akajibu. Magoti yakachubuka, manyoya yakajaa vumbi. Lakini jambo la ajabu, hakuona uchovu. Kila sauti aliyoitoa ilimrudishia mwenyewe: huyu alivyocheka, yule alivyovuta maneno. Kwa saa moja Ukinduni ilijaa tena, na katikati ya mbio zake Bi Sikudhani akajikuta analia.

Walipomaliza Mtaa wa Juu, kokoto zilikuwa ishirini. Kiboko akakuna shingo. Mpumbavu alikuwa, ila si sana.

"Karani, mbona kila anayejibu anahema?"

"Mwamba una mwinuko, Bwana Kiboko."

"Hapana. Hapa nanusa mtu mmoja." Akacheka, hoho-hoho. "Tuwapigie hodi kwa mpigo mmoja. Mimi naita hapahapa, mlango huu wa kwanza wa Mtaa wa Chini, wewe nenda ule wa mwisho kule. Tuite pamoja. Mmoja asipojibu, ni ulaghai, na hesabu yote inafutwa."

Bi Sikudhani akaganda humo gizani. Mlango wa mwisho ulikuwa wa Bi Nguchiro, mama yake Karani, na ulikuwa mtupu tangu masika ya juzi.

"Hodi!" akanguruma Kiboko.

"Hodi!" akaita Karani kwa mbali.

Bi Sikudhani akajibu ya Kiboko, "Karibu, baba!" kisha akatimua mbio. Tundu la kwanza, la pili, la tatu.

"Hodi!" Karani akaita mara ya pili.

Tundu la kumi na mbili, la kumi na tatu. Bega likanasa. Akalinasua.

"Hodi." Hiyo ya tatu Karani aliisema polepole.

Zilikuwa zimebaki nyumba sita. Bi Sikudhani akakaa chini, akafunika uso kwa viganja. Mji umekwisha, akawaza. Umenifia mikononi.

Mara akasikia sauti ya Karani, kubwa, haina wasiwasi.

"Yupo!"

"Mimi sijasikia kitu!" Kiboko akafoka.

"Wewe uko mbali. Mimi nimesikia."

"Amesemaje?"

"Amesema, 'Karibu, mwanangu. Umekula?'"

Kokoto kapuni: ko!

Basi. Zilizobaki zikajibiwa, zikatimia arobaini, na Kiboko akaambiwa Ukinduni ni mji na una watu wake. Alipojivuta kurudi nyuma tumbo likachomoka, pwaa, akabiringika hadi bondeni, Kanga wanne wakimzomea. Tangu siku hiyo kiboko hali majani mchana. Hungoja giza, asije akaonwa na mtu wa Ukinduni.

Jioni Bi Sikudhani alikuwa akijipaka mafuta magotini, akasikia, "Hodi." Akajibu kwa sauti yake mwenyewe, iliyokwisha kukauka. Akaingia Nguchiro, kofia mkononi.

"Shikamoo, Bi Sikudhani."

"Marahaba, mwanangu. Lakini mama yako si tulimzika?"

"Tulimzika. Nami nikarudi kazini siku ileile."

"Na mimi sikuwahi kufika mlangoni pake leo."

"Najua."

"Sasa nani alikujibu?"

Nguchiro akainama. "Kila mlango nikipiga hodi huko ninakoishi, Bi Sikudhani, husikia hayohayo maneno ya mama kabla hajajibu mtu. Mlangoni pake mwenyewe ningeacha kuyasikia?"

Bi Sikudhani akapitisha mkono kwenye tundu la nyuma kwa mazoea, akautoa mtupu. Akamtilia uji hivyohivyo, hauna chumvi.

"Umekula?" akamuuliza.

Basi watoto, funzo la hadithi hii ni hili: kusema uongo ni vibaya, na kumdanganya karani wa hesabu ya watu ni vibaya kupindukia. Karani naye akidanganya, ndiyo kabisa. Wakija kuhesabu kwenu, tajeni waliomo ndani tu. Waliokwenda hawahesabiwi.

Hadithi imenifikisha mlangoni, mimi naishia kizingitini. Mpo wangapi?

Arobaini!

Waongo wakubwa nyinyi. Haya, kalaleni.