Maharage ya Bi Kobe Nyuma ya Majeneza

Hapo zamani za kale, lakini si kale sana, maana sufuria zilikuwa zimeshapatikana na walafi walikuwa tele, palikuwa na jiji la wanyama lililoitwa Kwatoni. Jiji kubwa hilo! Ukianza kulizunguka asubuhi na viatu vipya, jioni unarudi nyumbani pekupeku.

Humo aliishi Nguchiro. Mdogo, mwembamba, mkia mrefu, na pua isiyo na adabu hata kidogo. Pua hiyo ilimwingiza kila kichochoro na kumpitisha chini ya kila uzio. Palipokuwa na chungu jikoni, Nguchiro alipajua. Msicheke, nanyi nawajua mnavyonusanusa kwa jirani.

Lakini roho yake ilikuwa mahali pamoja tu, kwa Bi Kobe. Kufika huko ni kazi. Unapita maseremala, unavuka mtaro kwa ubao mmoja unaonesanesa, halafu unaingia karakana ya majeneza. Ndiyo, majeneza! Sasa nani ataenda kutafuta chakula mle? Ukishayapita unainama chini ya turubai bovu, na hapo unamkuta Bi Kobe kwenye kigoda chake, anakoroga maharage ya nazi.

Bi Kobe hakuwa na haraka na mtu. Chungu alikibandika alfajiri na kukiepua akijisikia. Ukimhimiza anakwambia, "Kama una njaa sana, nenda kwa mama yako."

Nguchiro hakuwa na mama wa kumwendea. Alibaki yatima angali mdogo, na tangu hapo Bi Kobe alimwekea ukoko wa wali pembeni, bila kumuuliza maswali. Kibanda kile ndicho kilichokuwa kwao.

Sasa shida ya jiji zima ilikuwa Kiboko na rafiki yake Fisi. Kazi yao ilikuwa kutembeza matumbo, mtaa huu mpaka mtaa ule, kutafuta vibanda vya siri. Wakikipata kimoja wanakula chote kilichomo, benchi linavunjika kraa! Kisha Kiboko anakwenda kusimama sokoni na kufungua domo lake.

"Jamaniii! Nimegundua mahali!"

Umegundua nini wewe? Watu wanakula hapo tangu babu yako hajaota meno!

Kesho yake tembo na nyati wanapanga foleni. Sisi wadogo, samahani, wale wadogo, hawapati hata mchuzi wa kulambisha kidole. Mpishi anakimbia huku na huku mpaka anachoka, anafunga. Ndivyo kilivyokufa kibanda cha Chura, aliyekuwa akichemsha mihogo mitamu kuliko yote. Ndivyo alivyokoma Kunguru kukaanga vitumbua. Bi Kobe aliposikia habari hizo alisema neno moja tu.

"Wakifika hapa, nafunika chungu narudi kwetu kijijini. Miguu hii haikuumbwa kwa ajili ya foleni."

Nguchiro alipolisikia hilo, akauweka ukoko chini.

Basi mchana mmoja ametoka kula, anafuta sharubu zake, mara pu! Mguu umetua juu ya mkia wake. Mguu mnene huo, kama kinu.

"Mamaaa! Mkia wangu!"

"Nguchiro," alisema Kiboko kwa upole, huku akikanyaga zaidi. "Umekula wapi leo?"

"Nyumbani, Bwana Kiboko! Viazi vya jana!"

Fisi akainama akamnusa sharubu. Snf! Snf! "Mwongo huyu! Sharubu zinanukia nazi. Nazi na kitunguu. Na kitu kingine... oho, bwana mkubwa, hiki sijawahi kukinusa!"

"Utatupeleka," Kiboko akasema, "au mkia huu ubaki hapahapa uwe alama ya barabarani?"

"Nawapeleka, nawapeleka! Toa mguu kwanza, mzee, ndiyo niweze kutembea!"

Nguchiro akawaza, hawa dawa yao ni kuwashibisha kabla. Akawazungusha. Kwanza akawapeleka kwa Ngiri, aliyekaanga ndizi kwa mafuta meusi ti, mafuta ambayo hata yeye Ngiri hakumbuki aliyamimina lini.

"Hapa ndipo!" akasema.

Wakala ndizi zote. Fisi akala na karatasi ya kufungia.

"Si hapa," akasema Fisi. "Hakuna nazi."

Akawapeleka kwa Kenge, kule nyuma ya bomba la maji. Supu ya Kenge ilikuwa na mfupa mmoja uliochemshwa mpaka ukachoka, hauna tena cha kutoa. Kiboko akanywa supu, akautafuna na ule mfupa, kau! Kenge akabaki anaangalia sufuria kama mtu aliyefiwa.

"Mfupa wangu! Nitapikia nini kesho?"

"Tulia," Kiboko akamwambia, "hukuwa na mfupa, ulikuwa na kumbukumbu. Nguchiro! Tumbo langu bado lina nafasi ya kupangisha. Twende!"

Nguchiro alianza kutokwa jasho. Hata ile mbinu yake ya kuwashibisha ilikuwa ya kijinga, sasa aliliona hilo. Kumshibisha Kiboko ni sawa na kujaza mtaro kwa kikombe. Na wakati akijilaumu hivyo, upepo ukageuka.

Fisi akasimama wima. Masikio juu. Snf!

"Nazi! Nazi, bwana mkubwa! Kule, kwenye majeneza!"

Haoo! Wakapita maseremala, ubao wa mtaro ukalia kriii, wakaingia karakana ya majeneza kwa kishindo. Majeneza yakaanguka, kwaa! kwaa! kwaa!

"Taratibu!" akapiga kelele Kigogota, fundi wa majeneza. "Wateja wangu huingia humu kwa utulivu!"

Nguchiro akachomoka kati ya miguu ya Kiboko, fyaa, akapenya chini ya turubai akamwangukia Bi Kobe miguuni.

"Bibi! Wamekuja! Kiboko na Fisi! Nisamehe, bibi, wamenifuata mimi!"

Bi Kobe alichukua mfuniko akaanza kufunika chungu, polepole. Machozi yakamtoka Nguchiro, si ya uongo. Akamtazama vizuri yule bibi, shingo ya makunyanzi, kitambaa kichwani, kigoda chini, akiwa kama mama wa kila mtu jijini. Papo hapo kitu kikamwingia kichwani.

Sasa sikilizeni, maana hili ninyi hamlijui. Huko kwa akina Kiboko, mkwe na mama mkwe hawachezeani. Mkwe hali mbele ya mama mkwe. Hamtazami usoni. Na kwa vile wana vinywa vya kutisha, sheria yao kubwa ni hii: mkwe haonyeshi kinywa wazi mbele ya mama mkwe, hata kama anapiga miayo, hata kama anazama. Na mashoga wa mama mkwe, rafiki zake wa usichana waliochezwa naye ngoma moja ya unyago, nao ni mama wakwe vilevile. Ndiyo maana viboko wakiwa ukweni hukonda.

Nguchiro akamnong'oneza Bi Kobe sikioni. Mkewe Kiboko anaitwa Mashavu, jiji zima lilikwenda harusini, kwa hiyo jina hilo halikuwa siri. Bi Kobe akasikiliza. Akaweka mfuniko chini.

"Wewe mtoto," akasema, "una akili za mwizi."

Mara turubai, raaa! likapasuka. Kiboko huyo, domo wazi mpaka koo linaonekana.

"Haya! Nimegundua ma..."

"Hee!" akasema Bi Kobe. "Nani huyo ananionyesha magego? Si mume wa Mashavu huyo? Mkwe wangu! Ndivyo mnavyoingia ukweni siku hizi, kwa kupasua milango?"

Domo la Kiboko likajifunga, pwap! Macho yakashuka chini.

"M... mkwe?"

"Mama yake Mashavu na mimi tulichezwa ngoma siku moja, tukalala mkeka mmoja. Mwanawe ni mwanangu. Umeniolea mtoto, hata kuni hujaniletea, leo unakuja mikono mitupu, kinywa wazi!"

Kiboko akamnong'oneza Nguchiro kwa pembe ya mdomo. "Hebu... ni kweli haya? Mashavu hajaniambia."

"Sijui, mzee. Muulize mwenyewe. Mwambie alete ushahidi. Mwambie, mama mkwe, wewe ni mwongo."

"Wee! Unataka nilaaniwe? Nikarudi nyumbani nimwambie nini mke wangu?"

Akapiga magoti. Sakafu ikatikisika, vijiko vikaanguka. "Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Fisi alikuwa ameshavuta sahani. "Mimi si mkwe wa mtu hapa," akasema. "Nipakulie, bibi. Jaza, jaza!"

"Na huyu ni nani?"

"Huyu ndiye mshenga, bibi!" Nguchiro akadakia. "Ndiye aliyekwenda kuposa!"

"Oo! Mshenga! Salamu hajatoa, ameshika sahani. Ndiye aliyeniletea posa ya mwanangu, mlafi huyu?"

Kiboko akamkamata Fisi sikio. "Weka sahani chini."

"Lakini, bwana mkubwa! Nazi! Nazi ile!"

"Ukitia tonge moja mdomoni hapa, habari zitafika kwa wakwe kuwa nilileta mlafi kuposa. Weka, nimesema!"

Fisi akaweka. Aliitazama sahani namna mtoto anavyotazama basi lililomwacha.

Basi wakaaga. Na kwa kuwa huko kwao mkwe hampi mama mkwe mgongo, Kiboko akatoka kinyumenyume. Mnaliona hilo? Kiboko mzima, kinyumenyume, katikati ya majeneza! Kwaa! Likaanguka la kwanza. Kwaa! La pili. La tatu akalikalia, na likamkwama matakoni.

"Usitoke!" akapiga kelele Kigogota, kamba ya kupimia mkononi. "Ngoja nipime, saizi hii sijawahi kupata!"

Kule ndani Bi Kobe alicheka mpaka akashikilia chungu. Kisha akampakulia Nguchiro, si ukoko leo, sahani kamili, maharage yanafurika pembeni. Nguchiro akala huku akilia na kucheka pamoja, pua inachuruzika. Kibanda kimebaki. Bi Kobe haendi kokote.

Sokoni je? Kimya. Kiboko atatangazaje jiko la mama mkwe wake barabarani, wapita njia waanze kuulizana anapika nini? Angekufa kwa haya, na Fisi naye akamkataza kutia mguu mtaa ule. Kumuuliza Mashavu hakuthubutu, asije kusimulia alivyoingia ukweni na domo wazi. Badala yake, kila Ijumaa alikuja na mzigo wa kuni, akauweka pembeni ya mtaro, uso ameugeuzia ukuta wa karakana.

"Msalimie mama," anasema.

"Zimefika," anajibu Nguchiro, mdomo umejaa.

Ijumaa moja Kiboko hakuondoka. Akasimama palepale, anakwangua ukuta kwa ukucha.

"Nguchiro. Niambie tu ukweli. Yana ladha gani?"

Nguchiro akameza tonge. Akalamba vidole, taratibu, kimoja kimoja.

"Tui zito, mzee. La kwanza. Limekaa jikoni mpaka maharage yamesahau kuwa yalikuwa magumu. Kitunguu kimeyeyuka, hukioni, unakisikia tu."

Tumbo la Kiboko likanguruma, nguuurrr, majeneza yakatetemeka.

"Basi, basi," akasema, na sauti imekauka. "Kesho nitaleta na mkaa."

Nami nimefika mwisho, aliyebaki na njaa akajipikie: mtu usiyemweza kwa nguvu, mtafutie anayemwonea haya.