Mkeka wa Eda

Hapo zamani, na msidhani ni zamani za mazimwi, ni zamani hizihizi za simu na mihuri, palikuwa na mji mdogo uitwao Msangazi. Kaeni vizuri. Mwenye kukohoa akohoe sasa, maana nikifika kwenye swali sitaki mtu ajifanye hakusikia.

Msangazi walikaa Waislamu na wasio Waislamu, wakazikana na kulishana pilau miaka na miaka. Lakini kukaa pamoja si kujuana. Wafanyakazi wa serikali walihamishiwa pale kutoka kila upande, na wengi wao walichokijua kuhusu Waislamu ni futari na sikukuu, basi. Ndipo akaletwa Mwalimu Zuwena, mama wa Kiislamu aliyesoma chuoni kwa shehe na akasoma chuo kikuu, awafundishe kwa siku tatu: Waislamu wa leo wanaishije, wanaoanaje, wanazikanaje, na wapi wao kwa wao hawakubaliani.

Darasani mlikuwa na watu wengi, lakini nataka muwajue watatu.

Wa kwanza ni Mselewa, karani wa ardhi. Huyu aliandika kila kitu. Mwalimu akipiga chafya, nadhani na hiyo aliiandika. Wa pili ni Tumsifu, nesi wa zahanati. Huyu alikuwa ametoka zamu, akasinzia siku mbili kati ya tatu. Wa tatu ni Bwana Nyakunga, mkuu wa ofisi ya ardhi. Huyu hakuandika wala hakusinzia, alibisha. "Serikali haina dini," alisema. "Leo mnanifundisha ya Waislamu, kesho ya nani? Mtu akija ofisini kwangu ni mwananchi, yamekwisha."

Mwalimu Zuwena akacheka, akaendelea. "Mwanamke wa Kiislamu akifiwa na mume hukaa eda miezi minne na siku kumi. Hukaa nyumbani, hajipambi, hachanganyiki na wanaume." Mselewa akaandika: hatoki, haguswi, habughudhiwi.

Siku ya mwisho mwalimu akasema, "Niliyowaambia ni machache. Mkikutana na mtu, msinikumbuke mimi, muulizeni yeye." Mselewa hakuliandika hilo, alikuwa keshafunga daftari. Tumsifu alilisikia, maana ndipo alipoamka.

Hazikupita wiki mbili, akafariki Mzee Shomvi, mwashi wa nyuma ya soko. Mkewe, Bi Mwanakheri, akaingia eda. Mtoto hawakujaliwa. Alichobaki nacho ni nyumba ya vyumba viwili, kwenye kiwanja alichorithi kwa mama yake, na mzigo wa miyaa ambayo marehemu aliikata na kuianika mwenyewe juma lile alilougua. Bi Mwanakheri akakaa ndani, akaanza kusuka mkeka.

Kumbe mwezi uleule viwanja vya mtaa vilikuwa vinahakikiwa. Kila mwenye kiwanja apelekewe barua, aje ofisini mwenyewe, atie dole gumba kwenye daftari kubwa. Ambaye hatatia dole mpaka saa tisa alasiri ya Alhamisi, kiwanja chake kitaandikwa hakina mwenyewe, nacho kitaingia kwenye soko jipya.

Barua alipewa Mselewa. Akazigawa zote, mlango kwa mlango. Alipofika kwa Bi Mwanakheri akasita, akakumbuka aliyoyaandika. Mjane. Hatoki, habughudhiwi. "Nitamsumbua bure mama wa watu," akajisemea. Akairudisha barua mfukoni, akapita mbele ya mlango ule ananyata. Msicheke. Adabu ile ilikuwa ya kweli.

Alhamisi ikafika, ofisi ikajaa. Saa sita mchana likaitwa jina: Mwanakheri binti Athumani! Kimya. Likaitwa mara ya pili. Kimya. Likaitwa mara ya tatu, na Bwana Nyakunga, bila kungoja saa tisa, akashika rula na kalamu nyekundu.

Mselewa angeweza kunyamaza, nani angejua? Lakini aliweka kiganja chake juu ya jina lile.

"Mkuu, usikate. Mama huyu yuko eda. Na barua hakuipata. Ninayo mimi."

"Unayo wewe?"

"Mfukoni, mkuu. Niliona si adabu kumpelekea."

"Mselewa! Kazi unaitaka, huitaki?"

"Naitaka, mkuu. Lakini mkono siutoi."

Nyakunga akaiweka kalamu chini. "Saa tisa nafunga daftari," akasema. "Awe ametia dole."

Mselewa akakimbia hadi zahanati, maana yeye mwanamume angeingiaje kwa mjane? Akamweleza Tumsifu. Tumsifu akaomba ruhusa, akaenda.

"Hodi, mama!"

"Karibu, mwanangu."

"Shikamoo. Pole sana na msiba."

"Marahaba. Ahsante, tumeshapoa."

Tumsifu akamweleza habari ya dole na saa tisa. Bi Mwanakheri akaacha kusuka. "Kiwanja cha mama yangu?"

"Ndiyo, mama. Twende mara moja, turudi."

"Sitoki."

"Mama, dini yenu mimi siijui, unaijua wewe. Hutoki kwa sababu huruhusiwi, au kwa sababu hutaki?"

Swali hilo Bi Mwanakheri hakuwahi kuulizwa na mtu, awe Mwislamu au asiye. Kwanza akapandwa na hasira. "We mtoto, umekuja kunifundisha eda?"

"Hasha, mama. Nimekuja kuuliza."

Bi Mwanakheri akachukua simu, akampigia shehe wake mwenyewe. Shehe akamwambia, "Kwa haja kama hiyo, na ni mchana, wanavyuoni wengi wanaruhusu. Nenda, ukimaliza urudi kwako."

Akaiweka simu mkekani. "Kumbe naweza," akasema. "Basi sikiliza, mwanangu. Naweza, na sitaki. Nimekaa na mume wangu miaka thelathini na moja. Siku hizi ndizo za mwisho nilizobakishiwa kuwa mke wake. Sizipeleki kwenye foleni."

"Na nyumba, mama?"

"Nyumba naitaka! Kawaambie yote mawili." Hapo machozi yakamshinda, na Tumsifu naye yakamtoka.

Saa nane na nusu Tumsifu alisimama ofisini, akayasema yote mawili mbele ya watu. Watu wakaguna. "Anaweza na hataki? Basi kajitakia!" Mselewa akapekua daftari lake, hilo halimo.

Bwana Nyakunga akalifunga daftari kubwa, pa! Watu wakasema basi tena. Akalitia kwapani, akatoka. Daftari lile halikuwahi kuvuka mlango wa ofisi ila mara moja, alipolipeleka mwenyewe kwa mzee aliyepooza. Akatembea nalo juani hadi nyuma ya soko, akasimama nje ya nyumba, akaupa mlango mgongo. Tumsifu akalipokea, akalipitisha nyuma ya pazia. Dole likatiwa saa tisa kasoro dakika nne. Nyumba ikapona.

Miezi ikaenda. Eda ikafika ukingoni, na mkeka nao. Siku ya mwisho Bi Mwanakheri akawaita wale watatu, akakaa nyuma ya pazia, mkeka umetandikwa mbele yao. Mwalimu Zuwena naye alikuja.

"Mkeka huu ni wa aliyeniokoa," akasema. "Ni mmoja, na miyaa ya marehemu imekwisha. Semeni."

Mselewa akasema, "Mama, kosa lilikuwa langu, silikatai. Lakini nililitaja kwa kinywa changu, nikaiweka kazi yangu juu ya jina lako. Ningeutoa mkono ule, wenzangu wangeokoa nini?"

Tumsifu akasema, "Mimi sikujua kitu, mama. Nilikuuliza tu. Lakini mimi peke yangu ndiye niliyekuuliza."

Bwana Nyakunga akasema, "Mimi sikufanya kwa ajili ya dini. Ningemfanyia yeyote. Kama hiyo si sababu ya kupewa mkeka, sijui sababu ni ipi."

"Na kalamu nyekundu alishika nani?" Mselewa akanong'ona. Nyakunga akajifanya hakusikia.

Wakamgeukia mwalimu. "Mwalimu, haya yote si matunda ya darasa lako?"

Mwalimu Zuwena akainama. "Bila mimi," akasema, "barua ingefika siku ya kwanza."

"Ingefika," akajibu Bi Mwanakheri, "na nisingekwenda. Na jina langu lingekatwa, wala asingejua mtu kwa nini."

Mwalimu Zuwena akainua kichwa.

"Nendeni makwenu," akasema Bi Mwanakheri. "Kesho nitauleta mwenyewe."

Kesho yake akaoga, akavaa nguo mpya, akaukunja mkeka, akaubana kwapani. Akavuka kizingiti kwa mara ya kwanza baada ya miezi minne na siku kumi, kwa miguu yake na kwa kupenda kwake. Jirani zake wanasema alipita mtaa mzima bila kuuliza njia, akabisha hodi kwenye mlango mmoja tu.

Nimewahi kuuliza makarani mlango ule ni wa nani, wakasema wa karani. Manesi wakasema wa nesi. Walimu wakagombana. Sasa ninyi msiokuwa na upande, semeni: nani alistahili hodi ile?