Firigisi ya Bata Mzinga

Mchumia juani, wenzake hulia kivulini. Wahenga hawakusema hivyo, lakini kaya nyingi za Bariadi ziliishi hivyo mwaka wa 1954, hasa siku ya kuchinja kuku. Firigisi ilikuwa ya baba mwenye kaya. Paja lilikuwa la mgeni. Mwanamke aliyemlea kuku huyo tangu yai alibaki jikoni na shingo na miguu, akashukuru.

Kwandu, mama wa Generoza na mke wa Athanasi mkulima wa pamba, hakuwa na mazoea ya kushukuru bure. Mwezi wa Aprili mpishi wa misheni alimpa mayai sita ya bata mzinga kwa kumsaidia kupalilia bustani. Kwandu akayaweka chini ya kuku aliyekuwa akiatamia, akatangaza kwamba Krismasi watakula nyama ambayo kaya ile haijapata kuionja.

Siku ya ishirini na mbili ya kuatamia Athanasi aliishiwa subira.

"Mama Generoza, hayo ni mayai viza. Mwache kuku atage mengine."

"Hayo si ya kuku, Baba Generoza. Mpishi kaniambia wiki nne."

"Yai ni yai!" Akachukua moja, akalipasua juu ya jiwe. Ndani mlikuwa na kifaranga. Kilitikisa kichwa mara moja, kikafa. Athanasi alijifuta vidole kwa majani, akaenda zake.

Mayai matano yaliyobaki yalianguliwa. Kifaranga wa bata mzinga ni mjinga kuliko ndege wote: hali mpaka aonyeshwe chakula, na umande ukimlowesha tumbo, hafiki jioni. Kwandu aliwaweka tengani mpaka majani yakauke. Alijaza kinyesi kikavu cha ng'ombe na mabua katika chungu kibovu, akakifudikiza juu ya kichuguu. Kesho yake alikikung'uta, mchwa wakamwagika, vifaranga wakawagombania. Walipokua walipenda kutangatanga, naye akawafuata mashambani jua la utosi, huku akifukuza mwewe kwa fimbo. Hata hivyo mwewe alichukua mmoja. Mwingine akafa kwa ugonjwa wa kuku wa jirani. Wakabaki madume wawili na jike.

Wanawake wa kisimani walimcheka, wakimwita mayu, yaani mama kwa Kisukuma.

"Mayu, siku hizi unachunga ndege? Ng'ombe wamekushinda?"

"Ng'ombe wana wachungaji wengi," alijibu Kwandu, uso wake umeiva kwa jua kama chungu kipya. "Hawa wana mimi."

Krismasi ilipokaribia, Athanasi alimwalika kaka yake, Ngassa, kutoka Lalago. "Njoo ule bata mzinga wangu," alimtumia salamu. Kwandu alikuwa akipepeta mtama alipoisikia ile "wangu". Ungo ulisimama kidogo, kisha ukaendelea.

Siku yenyewe dume kubwa lilichinjwa. Kwandu alilichemsha tangu asubuhi, akalikaanga kwa samli, akapika na wali. Kabla ya kupakua, aliketi nyuma ya jiko, kwenye kivuli cha ukuta, akala firigisi polepole. Ilikuwa kubwa kama ngumi ya mtoto. Hakuacha hata kipande.

"Mwadila, shemeji," Ngassa alimwamkia alipotua sinia.

"Mwadila."

Ngassa alitafuta, akageuza minofu, akatafuta tena. "Athanasi, ndege huyu alizaliwa bila firigisi?"

"Mama Generoza! Umeisahau chunguni."

"Sikuisahau. Nimeila."

Tonge la Ngassa lilisimama hewani. "Nani kaila?"

"Mimi, shemeji. Chumvi ilitosha."

"Ndugu yangu," Ngassa akamgeukia Athanasi, "mke anayekula firigisi ya mumewe aliye hai amekwisha kumzika. Kwangu angepiga magoti sasa hivi. Akikataa, anarudi kwao, na ng'ombe wa mahari wanarudi."

Athanasi alihisi macho ya kaka yake yakimchoma kama upupu. "Umesikia? Omba radhi tule. La sivyo kesho nakupeleka kwa baba yako."

Kwandu hakupiga magoti.

"Nipeleke. Nitakwenda na bata wangu wawili. Baba akiuliza kosa langu, nitamwambia nimelea ndege miezi minane, nikala kipande kimoja, na sinia zima nikawaletea ninyi. Wewe utamwambia nini, Baba Generoza?"

Athanasi alilitazama sinia, akamega wali.

"Kula, kaka," alisema kwa sauti ndogo. "Nyama inapoa."

"Na radhi je?" Ngassa alishikilia.

"Radhi hakuna, shemeji," alisema Kwandu. "Mchumia juani hulia kivulini, na mimi nimekula."