Vigelegele vya Bi Nambela

Sogeeni karibu, na mwenye ubishi akae mbele nimwone, maana kisa hiki kinamhitaji.

Huko Kihonde walikuwapo watu watatu waliojaliwa. Asumini alijaliwa koo. Akipiga kigelegele gulioni, mbuzi wa ng'ambo ya bonde huinua vichwa. Mkalute alijaliwa ulimi. Alikuwa mtani wa ukoo wa pale, na hakuna msiba aliouingia watu wakatoka bila kucheka. Zawena alijaliwa kukaa. Msicheke! Kukaa na mtu mwenye uchungu bila kumwambia "jikaze" ni kipaji, na wengi wetu hatuna.

Wa nne ni Bi Nambela, na huyo ndiye ninayempenda zaidi. Alikuwa mjane, mfinyanzi wa vyungu, mwenye mtoto mmoja tu aliyeitwa Lukasi. Lukasi alipokua aliingia msituni, akajiita Ngurumo, akakusanya watu na bunduki. Alisema anaikomboa nchi, lakini alichokifanya ni kuchoma shule na kutega mabomu njiani. Redioni walimwita kiongozi wa magaidi, na hawakumsingizia. Vita vyake vilimpokonya Asumini kaka yake, na mwili haukuonekana. Vilimpokonya Mkalute mguu wa kushoto. Zawena vilimpokonya mume, askari ambaye bado alikuwa mstari wa mbele. Bi Nambela aliyajua yote hayo. Siku za gulio aliuza vyungu vyake macho yakiwa chini, na waliokuja kununua hawakuongea naye zaidi ya bei.

Sasa, Kihonde wana desturi yao. Kigelegele hakiachwi peke yake. Mwanamke akikisikia, popote alipo, anaitikia kwanza, sababu ataiuliza baadaye. Asiyeitikia huhesabiwa kuwa ana kijicho.

Siku moja ya gulio, redio ya muuza sabuni ikatangaza kwamba jeshi limemuua Ngurumo vitani. Asumini akaliacha kapu lake la nyanya lianguke, akafungua koo, na wanawake wote wakaitikia. Watu wakakumbatiana. Wanaume wazima walilia hadharani, na mkaanga mihogo akaigawa bure, yeye ambaye hata chumvi huihesabu punje kwa punje. Tusiwalaumu, miaka mingi walikuwa wamelala na viatu miguuni.

Juu kule kwake, Bi Nambela alikuwa anafinyanga. Akakisikia kile kigelegele. Akadhani binti wa mtu amejifungua salama, au posa imekubaliwa. Moyo ukamchangamka, kwa kuwa furaha ilikuwa haijapita njia ile siku nyingi. Akasimama uani, mikono imejaa udongo, akapiga kigelegele kirefu, kizuri, cha kumtakia heri mtoto wa watu.

Bonde zima lilimsikia.

"Jamani, hata mama mtu anashangilia!" akasema mmoja gulioni.

"Anashangilia wapi? Anatudhihaki huyo!"

"Twendeni tukamwoneshe!"

Vijana wakachomoa vijinga vya moto kwenye mafiga ya mkaanga mihogo. Asumini akatangulia mbele akiongoza wimbo, na umati ukapanda kilima nyuma yake.

Zawena alikuwa jirani wa Bi Nambela, na redio alikuwa ameisikia nyumbani kwake. Yeye ndiye aliyefika kwanza. Alimkuta bibi yule bado anatabasamu.

"Zawena mwanangu, nani kajifungua?"

Zawena akamshika mikono pamoja na udongo wake. "Hakuna aliyejifungua, mama. Lukasi ameuawa."

Bi Nambela akamtazama. "Na mimi nimeitikia?"

"Umeitikia, mama."

Zawena akamwingiza ndani, akafunga mlango, akaketi naye sakafuni. Hakumwambia kwamba mwanawe alistahili, wala hakumwambia kwamba alionewa. Sauti za umati zilipokaribia, Bi Nambela akataka kutoka akawapigie magoti wote waliofiwa kwa mkono wa mwanawe. Zawena akamkumbatia kiunoni. "Utawapigia magoti siku nyingine. Leo lia." Moyoni mwake Zawena alikuwa akisema, sasa mume wangu atarudi, na furaha ile aliibana isimponyoke. Bi Nambela akalia.

Mara wakasikia gongo likigonga njia ya mkato, ko, ko, ko, kisha kishindo. Mtu alikuwa amejitupa kizingitini.

"Nani ananipigia kelele nimelala?" Ilikuwa sauti ya Mkalute. "Mimi ndiye marehemu!"

Huko Kihonde, mtani akishalala mlangoni, nyumba hiyo imekuwa ya msiba. Na moto unaoletwa msibani ni wa kupikia, hauna kazi nyingine.

"Ondoka, Mkalute, tuchome hii nyumba!" kijana mmoja akafoka. "Wewe mwenyewe alikukata mguu!"

"Ndiyo maana siondoki! Nimekuja kuudai. Marehemu haendi popote mpaka anirudishie mguu wangu. Na asinipe wake, una matege! Au mmesahau alivyokuwa akikimbizwa na bata wa Mzee Chilumba mpaka anajikojolea?"

Mtu mmoja akacheka. Alicheka kwa hasira, lakini alicheka, na mwingine akamfuata. Ndani, Bi Nambela naye kicheko kikamtoka katikati ya machozi, kwa sababu ilikuwa kweli, mwanawe alikuwa na matege, na bata wale walimtesa sana. Kijinga kimoja kikawekwa kwenye mafiga ya uani. Vingine vikafuata.

Lakini umati haukuondoka. Ulisimama pale unamtazama Asumini, kwani yeye ndiye aliyeuleta kwa wimbo, na wimbo mwingine mkali ungetosha kuviinua vile vijinga tena. Asumini alikuwa amekisikia kilio cha mle ndani, na kilikuwa kilio kilekile cha mama yake mzazi. Alikichukia. Alitaka kuziba masikio.

Akafungua koo, na kilichotoka ni maombolezo, yale ambayo hakupata kumwimbia kaka yake kwa kuwa hapakuwa na maiti ya kuzika.

"Namwimbia kaka yangu!" akakatisha wimbo kuwaambia. "Asinielewe mtu vibaya!"

Alimwimbia kaka yake, lakini mlangoni kwa Bi Nambela. Watu wakaitikia, kila mmoja na wake aliyempoteza. Mlango ukafunguliwa. Bi Nambela akatoka ameshikwa mkono na Zawena, akamruka Mkalute, akaketi chini katikati yao, na hakuna aliyemfukuza kwenye msiba wa mwanawe.

Siku ya kuanua matanga ikafika. Desturi ya kule ni kwamba mama aliyebaki bila mtoto huchagua mwana wa mlango. Humtandika kanga mpya begani mbele za watu. Huyo ndiye atakayemfumba macho siku yake ikifika, na ndiye atakayeachiwa nyumba na tanuri la vyungu. Tangu siku hiyo huitwa ndugu wa marehemu. Kanga ni moja, na mwana ni mmoja.

Watu uani wakaanza kubishana. Huyu akasema bila Zawena bibi angetoka peke yake akaishia mikononi mwa umati. Yule akasema bila Mkalute nyumba ingekuwa majivu. Wa tatu akauliza bila Asumini nani angeutuliza umati ule. Bi Nambela aliwasikia wote, na wote walisema kweli.

Lakini yeye alikuwa akiwaza jingine. Akimtandika Zawena, mume wake atarudi kutoka vitani akute ameoa dada wa Ngurumo yuleyule aliyekuwa akimwinda miaka yote ile. Akimtandika Mkalute, basi si mtani tena, kwa kuwa mwana wa nyumba hatanii nyumba yake, na nani atamchekesha uzeeni? Akimtandika Asumini, kuna mama mwingine pale kijijini atakayesikia binti yake akiitwa ndugu wa mtu aliyemuulia mwanawe.

"Wanangu," akasema, "ninachowapa ni kizito. Asiyekitaka arudi nyuma, na nitampenda vilevile."

Zawena akainamisha bega. Mkalute akaegemea gongo, akainamisha lake. Asumini alimtazama mama yake aliyesimama nyuma ya watu, naye akainama. Hakuna hata mmoja aliyerudi nyuma.

Bi Nambela akaikunjua kanga. Mikono yake bado ilikuwa na udongo kwenye kucha.

Msiniangalie mimi, mimi kazi yangu ni kusimulia. Wala asiniambie mtu aichane vipande vitatu, hilo bibi alishalifikiria, na kipande hakifuniki bega la mtu. Haya, wewe mwenye ubishi uliyekaa mbele, na wewe unayejificha nyuma yake: kanga ingekuwa mkononi mwako, ungemtandika nani?