Daftari la Afande Chuma

Wahenga walipotufundisha namna ya kupata kilicho mvunguni, hawakusema tuvunje kitanda. Walisema tuiname. Mkuu wa kituo cha polisi ambaye raia walimwita Afande Chuma aliijua methali hiyo tangu shuleni, lakini kuijua si kupinda kiuno.

Jina hilo alilipenda kwelikweli. Alilipata siku wakazi walipoketi mbele ya ofisi ya uchaguzi, wakiuliza kwa utulivu kwa nini kituo chao cha kupigia kura kimehamishiwa mbali. Hawakuwa na hata kijiti mkononi. Chuma aliwapa dakika tano, kisha akaamuru mabomu ya machozi na virungu. Mama mmoja mshonaji, aliyeketi mstari wa mbele, alipigwa kirungu akapoteza jicho la kushoto. Jioni hiyo Chuma aliandika kwa mkono wake kwenye daftari la matukio: "Umati wenye fujo umetawanywa. Hakuna aliyejeruhiwa." Akalifunga, akaenda kula.

Tangu hapo kituo kilidoda kama duka lililowahi kuuza unga wenye wadudu. Watu waliibiwa, wakagombana na kusuluhishana wenyewe kwa wenyewe. Chuma akajisifu kwa wakubwa wake kwamba uhalifu umepungua. Masikini, wizi ulikuwa pale pale. Watu ndio walioacha kumwambia.

Alfajiri moja majambazi walimuua mlinzi wa zahanati, wakabeba dawa. Mjane wake akawa anafika kituoni kila asubuhi, anaketi kwenye benchi na kuuliza kama wauaji wamepatikana. Chuma alijua nani aliyeona. Cherehani ya mama mshonaji ilitazamana na lango la zahanati, na mama huyo huanza kushona kabla jogoo hajawika. Alimpelekea hati ya wito. Akaja, akasema hajui kitu. Alimtishia kumweka ndani. Mama akauliza kama aje na shuka lake. Majirani nao wakawa mabubu.

Siku ya tisa mjane hakuuliza lolote. Alipoinuka kuondoka alisema, "Afande, nimeacha kukulaumu. Nilisahau tu kwamba watu hawawezi kuleta ukweli mahali unapopigwa."

Maneno hayo yalimchoma Chuma. Aliona aibu, tena aibu ya kweli. Alivua kofia, akaenda kwa miguu hadi kwa mshonaji, akasimama mlangoni mpaka alipokaribishwa.

"Mama, siku ile hamkuwa na kosa. Mimi ndiye niliyeamuru. Naomba unisamehe."

Mshonaji hakuacha kukanyaga cherehani. "Kwenye daftari lako mimi sikuumia, Afande. Sasa mtu uliyemkana hadi jicho lake, utamwaminije akikwambia ameona?"

Kwa kanuni ya kazi ya polisi, kilichoandikwa daftarini hakifutwi. Kosa husahihishwa kwa maelezo mapya, yenye jina na sahihi ya aliyekosea. Chuma alijua maelezo hayo yangefika kwa wakubwa kabla wino haujakauka, na utumishi wake wa miaka ishirini na miwili ungekwenda na maji. Hata hivyo alirudi kituoni pamoja na mshonaji. Mbele yake, na mbele ya mjane aliyeitwa asikie, aliandika: "Umati haukuwa na fujo. Niliamuru nguvu isiyostahili. Raia mmoja alipoteza jicho. Niliandika uongo." Akasoma kwa sauti, akatia sahihi.

Mshonaji alivuta kiti. "Haya, andika," alisema. "Walikuwa watatu. Jicho mliloniachia liliwaona vizuri."

Habari zilipoenea, majirani nao walifunguka midomo, na wauaji wakakamatwa wiki ile ile. Chuma alivuliwa cheo, wala hakukata rufaa. Mjane alipata haki ambayo virungu na vitisho vilishindwa kumletea. Hakika, mtaka cha mvunguni sharti ainame.