Hodi ya Nne

Dozi ina mwisho, hodi haina. Ndivyo alivyowaambia yule muuguzi pale kwenye turubai, nanyi mkacheka kwa sababu maneno yamefanana. Sasa mmenijia mimi, mzee niliyekaa kwenye foleni ya kupimwa presha, mnataka kujua yametoka wapi. Sawa. Foleni ni ndefu na mkono wangu hautafikiwa sasa hivi. Kaeni. Mnakwenda kubisha kwenye nyumba za watu na hizo fulana zenu za kijani, heri mjue mnabeba nini. Methali nyingi hakuna ajuaye zilizaliwa wapi. Hii mimi naujua mlango iliotokea, maana nimesimama mbele ya mlango wenyewe.

Katika milima ya Usambara, kijiji cha Kwemtindi, palikuwa na mpasua mbao aitwaye Kupaza. Nyumba yake ilikuwa juu kabisa, pale njia inapokoma na migomba inapoanza. Kazi yake ilikuwa ya msumeno mrefu wa watu wawili. Gogo hulazwa juu ya shimo, mmoja akasimama juu, mwingine akashuka shimoni, wakavutana kutwa nzima. Kupaza alisimama juu. Shimoni alikuwa mwanawe, Singano, mtoto wake wa pekee. Mama yake Singano alikuwa ameshafariki.

Siku moja Singano alitoka shimoni, akajikung'uta unga wa mbao kichwani, akasema anashuka Tanga kufanya kazi ya mwezi mmoja. Mwezi huo haujaisha mpaka leo.

Kupaza akautundika msumeno ukutani. Msumeno ule hauvutwi na mtu mmoja.

Kisha kikaja kikohozi. Kilianza kama mafua ya baridi ya kule juu, kikakaa, kikamkausha mpaka shingo ikawa kama mpini. Watu wa Kwemtindi hawakuwa wabaya, msiwafikirie vibaya. Waliacha tu kwenda. Mmoja aliacha kwa ajili ya watoto wake wachanga, mwingine aliacha kwa kuwa jirani yake ameacha. Wakawa wanamsalimia kutoka ng'ambo ya kijito, naye hana pumzi ya kuwajibu. Watani wakasema, jina lake Kupaza, sauti yenyewe hana. Nyasi zikaota mbele ya kizingiti. Mlango ukavimba kwa mvua, ukakwama, naye hakujali, kwa sababu alipitia uani na hakuna mwingine aliyeuhitaji.

Sasa, nyinyi mnajua adabu ya hodi. Hupigwa mara tatu. Usipoitikiwa unageuka, unakwenda zako. Asubuhi moja, saa moja hivi, Kupaza akiwa amelala ubavu, akasikia nje: "Hodi!"

Akadhani masikio yanamcheza.

"Hodi!"

Akainuka kitako. Mnajua alimdhania nani.

"Hodi hapa!"

Akataka kuitika, kikatoka kikohozi. Akajivuta mpaka mlangoni, akaushika, mlango umekwama. Hodi tatu zimekwisha. Akasikia nyayo zinageuka kwenye nyasi. Aliniambia mwenyewe kwamba katika maisha yake yote, pamoja na siku ya kumzika mkewe, hakuna wakati alioumia kama ule.

Nyayo zikasimama. Sauti ikasema, kama mtu anayegombana na adabu yenyewe: "Hodi, basi!"

Hiyo ilikuwa ya nne. Kupaza akaugonga mlango kwa ndani, maana ndilo jibu pekee alilokuwa nalo. Wa nje akasukuma kwa bega, wa ndani akavuta, mlango ukafunguka kwa kishindo na mwanamke akaingia nusura amwangukie.

Alikuwa Mwanjaa, mhudumu wa afya wa kijiji, mjane wa makamo, mwenye mkoba begani na goti moja bovu.

"Umeniita nije unipige na mlango?" alisema, akijifuta kiwiko. Kisha akamtazama. "Ulidhani ni nani?"

"Mtu mwingine," Kupaza akanong'ona.

"Basi leo ni mimi. Kaa chini, baba, nikuone."

Makohozi yakapelekwa zahanati, jibu likarudi: kifua kikuu. Dawa ni za miezi sita, kila siku, na mgonjwa huzimeza mbele ya macho ya mtu. Zahanati ilikuwa chini bondeni, mwendo wa saa mbili kwa mwenye mapafu mazima. Mwanjaa akasema atampandishia mwenyewe. Ikawa kila siku, saa moja asubuhi, hodi. Kupaza anaitika, anameza, anafungua kinywa, Mwanjaa anachungulia chini ya ulimi, anaweka alama ya vema kwenye kijumba kimoja cha ile kadi.

Wanawake pale kisimani hawakumwacha hivi hivi.

"Mwanjaa, kila asubuhi mlimani! Umepata mume?"

"Mume gani anayekojoa chai ya rangi?" akajibu. Maana dawa zile, kama hamjui, huugeuza mkojo kuwa mwekundu. Wakacheka mpaka ndoo zikamwagika. Lakini walipokwisha kucheka, walikuwa wameshajua kwamba mtu huingia kwa Kupaza na kutoka mzima.

Mwezi wa pili sauti ikamrudia. Mwezi wa tatu alikata nyasi za mbele, akauondoa mlango kwenye bawaba, akaukwangua kwa randa mpaka ukawa unafunguka kwa kidole kimoja. Asubuhi alinyoa ndevu, akachemsha chai, akakaa karibu na mlango akingoja aitike. Mwanjaa hakukaa sana. Alikunywa kikombe kimoja, akalalamikia goti, akalalamikia nyani walioingia mahindini mwake, akaondoka. Robo saa, labda. Kupaza aliishi siku nzima kwa robo saa ile.

Wagonjwa wengine hufurahi kadi ikijaa. Yeye alivitazama vijumba vitupu kama mtu anavyotazama mahindi kwenye debe, mvua bado iko mbali. Vilibaki hamsini. Vilibaki arobaini. Siku vilipobaki thelathini na tano, Kupaza alifanya jambo.

Alikuwa na pengo juu, nyuma kabisa, pale magego yalipong'oka. Mwanjaa alizoea kuchungulia chini ya ulimi, hakuzoea kuchungulia juu. Kupaza akavisukuma vidonge pengoni kwa ulimi, akanywa maji, akafungua kinywa. Alama ya vema ikawekwa. Mwanjaa alipoteremka, akavitema, akavificha ndani ya mpini wa ule msumeno, ambao ulikuwa na tundu. Hesabu yake ilikuwa rahisi: ugonjwa usipoisha, hodi haitaisha.

Alifanya hivyo siku kumi na moja.

Siku ya kumi na mbili, Mwanjaa akamuuliza kama anavyouliza siku zote, huku anapuliza chai:

"Mkojo rangi gani?"

"Mweupe tu, mzuri kabisa," akajibu Kupaza, kwa raha, akisahau kudanganya kama siku zile nyingine.

Mwanjaa akaweka kikombe chini.

"Mweupe?"

Kupaza akaziba mdomo kwa kiganja.

"Fungua kinywa." Safari hii alikishika kidevu akakiinua kuelekea kwenye mwanga wa mlango. Vidonge vikaonekana pengoni. "Vingine viko wapi? Baba, nakuuliza. Vingine viko wapi?"

Kupaza akautazama msumeno. Mwanjaa akautungua ukutani, akaupigapiga mpini kwenye kiganja, vidonge vikadondoka sakafuni kama punje.

"Unataka kufa?"

"Hapana."

"Ugonjwa huu ukiuponda nusu, ukauacha, unaamka na hasira. Ukirudi, dawa hizi unazicheka. Nimemzika mtu hivyo mimi! Na hili goti langu, unadhani napanda huku kutazama mandhari?"

"Usipige kelele, mwanangu."

"Nitapiga! Nieleze, umekosa nini? Zinakuchoma tumbo? Mbona hukusema?"

Kupaza akasema, akiitazama ile kadi mkononi mwa Mwanjaa, "Baada ya leo zimebaki siku ishirini na tatu. Kisha kadi imejaa. Kadi ikijaa, wewe utakuja huku kufanya nini?"

Mwanjaa akakaa kwenye kigoda. Akaanza kuviokota vile vidonge kimoja kimoja, ingawa havikuwa na kazi tena.

"Mzee Kupaza," alisema mwishowe, polepole, "vidonge hivi nani amenipa?"

"Zahanati."

"Hodi je? Nilipewa zahanati?"

"Sijui."

"Hujui! Siku ya kwanza nilipiga tatu. Zahanati ingesema, geuka, andika hayupo. Ile ya nne niliitoa kwangu." Akajipiga kifuani. "Dozi ni ya zahanati, ina mwisho. Hodi ni yangu mimi. Haina. Umesikia? Sasa meza, na kinywa nitakitazama mpaka kwenye ubongo."

Kupaza akameza.

Siku ile ile walishuka wote wawili zahanati, taratibu, mmoja na kifua chake na mwenzake na goti lake. Mganga aliwakaripia wote, akachukua makohozi, na kwa bahati yakawa safi. Akamwongezea siku zote alizozikwepa.

Kadi ikajaa. Asubuhi iliyofuata Kupaza aliamka, akanyoa, akachemsha chai, akakaa karibu na mlango. Saa moja ikafika, kimya. Saa mbili, kimya. Chai ikaota utando. Saa tatu akaimwaga, akajiambia kwamba maneno ni maneno, mtu husema ili umeze dawa. Alikuwa ameinuka kwenda uani aliposikia, "Hodi!"

Mwanjaa alisimama kizingitini na jembe begani, tope mpaka magotini. Mkoba hakuwa nao.

"Nimeanzia shamba," alisema. "Leo sina dawa. Nina njaa."

Kupaza akachemsha chai nyingine na kuchoma ndizi. Mwanjaa ndiye aliyewasimulia wanawake wa kisimani, kwa kumtania mzee wa watu, na tangu hapo Kwemtindi wakawa wanasema hivyo mtu anapopona: dozi ina mwisho, hodi haina. Maana yake, nenda kwake kesho, ukiwa mikono mitupu.

Mmeniuliza mimi nimeyajuaje. Miaka miwili baadaye nilipanda Kwemtindi na wapasua mbao wenzangu, nikaugua kifua. Wenzangu wakasonga mbele na kambi, na sikuwalaumu, hata mimi ningesonga. Nikabaki kibandani peke yangu. Asubuhi ya kwanza mtu alipiga hodi, sikuitika. Akapiga ya pili na ya tatu. Akapiga ya nne. Alikuwa Kupaza na mkoba, maana sasa alipokezana na Mwanjaa. Miezi sita alinijia, akinichungulia chini ya ulimi na juu, kwenye mapengo yote. "Hapa hudanganyi mtu," alikuwa akisema, "mimi ndiye mwalimu wa uongo huo." Haya yote alinisimulia yeye, robo saa kwa robo saa. Na kila upepo ulipousukuma mlango wangu, alikatiza maneno akageuka kutazama. Tabia hiyo hakuna dawa iliyoiponya.

Nilipomaliza dozi alikuja bila mkoba, akasema ana njaa. Tukala. Alikuja na kesho yake, na kesho kutwa. Wiki haikuisha, miguu yangu ikaanza kuniwasha. Nikaondoka alfajiri kabla hajafika, bila kuaga. Nilijiambia nitarudi baada ya mwezi mmoja.

Nilirudi baada ya miaka sita. Nilipanda ile njia, nikazikuta nyasi mbele ya kizingiti, nikaelewa kabla sijafika. Hata hivyo nilipiga hodi. Nikapiga tena, na tena. Nikauweka mkono mlangoni. Ulikuwa umevimba, umekwama.

Nyuma yangu nikasikia fimbo. Mwanjaa alikuwa anapanda, mzee sasa, akipumzika kila hatua tatu.

"Wewe ni yule wa kambi ya mbao," alisema. "Umechelewa mvua mbili tangu tumzike."

"Alinitaja?"

"Alikuwa akitega sikio kwa wawili. Singano na wewe."

Nikamwambia kama mtoto anayejitetea, "Nimepiga mara tatu."

"Nimesikia. Kwa Kupaza hupigwa nne."

Nikaugeukia mlango. Nikapiga ya nne, na sauti ilinitoka kama ile ya mtu mwenye kifua. Ilikaa pale mbele ya mbao, haina pa kwenda. Hodi ni kama ule msumeno, wanangu, mmoja hawezi kuuvuta.

Nyuma yangu Mwanjaa akaitika, "Karibu."

Tukakaa kizingitini, akanimegea muhogo aliokuwa nao, tukala.

Nimelala miji mingi tangu siku hiyo. Popote nilipo, saa moja asubuhi huwa nimeshaamka, na sikio limeelekea mlangoni.

Haya, naona foleni imesogea. Nendeni mkagawe hizo dawa na vipeperushi vyenu. Kisha wiki ijayo, mtakapokuwa mmezivua hizo fulana, mrudi kwenye nyumba zile zile, mkiwa hamna kitu mkononi ila njaa. Na asipoitika mara tatu, msiwe na haraka ya kugeuka. Dozi ina mwisho. Hodi haina.